Shahada ya Lishe na Deni la Mkopo: Hesabu kwa Familia za Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe huvuna mahindi, viazi mviringo na maparachichi kwa wingi, lakini utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wana udumavu, yaani kimo kisicholingana na umri kutokana na lishe duni ya muda mrefu, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 30. Mzazi anayesikia takwimu hizo anaweza kuamini kwamba mtoto wake akisomea lishe hatakosa kazi, na majibu yafuatayo yanaipima imani hiyo.

Je, wingi wa udumavu una maana ya wingi wa ajira?

Hapana, kwa kuwa uhitaji wa jamii hauwi nafasi ya kazi mpaka upate bajeti na kibali cha ajira, yaani idhini ya Serikali ya kumweka mtumishi mpya kwenye orodha ya mishahara. Mkoa una halmashauri 6 tu, ambazo ni Njombe Mji, Makambako Mji, Njombe Wilaya, Wanging'ombe, Makete na Ludewa, na kazi kubwa ya afisa lishe wa halmashauri ni kuratibu, huku upimaji wa watoto vijijini ukifanywa na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Utaratibu huo si mgeni, kwani hata mradi wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO, wakati Njombe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, uliwategemea zaidi wanavijiji waliofunzwa kupima watoto kuliko wahitimu wa vyuo vikuu.

Mkopo wa elimu ya juu hurejeshwaje?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkata mnufaika aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuziwasilisha fedha hizo. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kutunza thamani ya mkopo, na kwa sababu hiyo deni la sasa haliongezeki mwaka hadi mwaka kama lilivyokuwa likiongezeka kwa wanufaika waliotangulia.

Afisa lishe mpya hubakiwa na kiasi gani?

Kwa mfano wa hesabu tu, na si ngazi rasmi ya mshahara, achukuliwe mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 na deni la shilingi 9,000,000. Mchango wake wa pensheni wa asilimia 5 ni shilingi 40,000, bima ya afya ya asilimia 3 ni shilingi 24,000, kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza mwaka 2021 ni shilingi 68,000, na makato ya Bodi ni shilingi 120,000, hivyo anabakiwa na shilingi 548,000. Kwa mwendo huo deni litamalizika kwa miezi 75, yaani miaka 6 na miezi 3, na baada ya hapo, hata kama mshahara haujapanda, kiasi kinachobaki mkononi kitakuwa shilingi 668,000. Mtumishi anayeongeza mkopo wa benki mara tu baada ya kuajiriwa hupunguza zaidi kiasi hicho, ingawa utaratibu wa utumishi wa umma unataka theluthi moja ya mshahara isiguswe na makato.

Kama deni linabebeka, hatari iko wapi?

Hatari kubwa iko katika miaka ya kusubiri ajira, kwa sababu katika mfano huu kila mwaka bila kazi hupoteza zaidi ya shilingi 6,500,000 za mapato baada ya makato, ilhali makato ya Bodi kwa mwaka mzima wa kazi ni shilingi 1,440,000. Miradi ya wafadhili ni njia nyingine ya ajira za lishe, lakini kusitishwa kwa sehemu kubwa ya misaada ya Marekani mwaka 2025 kulidhihirisha kwamba mkataba wa mradi hauna uhakika wa ajira ya kudumu.

Je, kuna njia nje ya Serikali?

Ipo lishe tiba, yaani upangaji wa chakula kwa mgonjwa wa kisukari, figo, shinikizo la damu au mwenye virusi vya UKIMWI, na mkoa huu, ambao utafiti wa 2022–2023 uliukuta na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, unaihitaji kweli. Mahali pa kuulizia ni pamoja na hospitali za mashirika ya dini kama Ikonda iliyoko Makete na Ilembula iliyoko Wanging'ombe, na swali la kuuliza ni kama zina nafasi yenye mshahara, si kama zinahitaji huduma hiyo.

Familia ya Makambako iamue vipi?

Makambako, panapokutana reli ya TAZARA, barabara kuu ya Zambia na barabara ya Songea, kijana anaweza kuanza biashara mapema, kwa hiyo gharama ya shahada ni deni pamoja na kipato ambacho angekipata katika miaka 3 ya masomo, kiasi ambacho wachumi hukiita gharama mbadala. Kabla ya kujaza fomu ya chuo, kwa mfano ya shahada ya lishe ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, familia ihesabu matangazo ya nafasi za maafisa lishe yaliyotolewa na Sekretarieti ya Ajira kwa miaka 2 iliyopita, kisha ijiulize kama inaweza kumtunza mhitimu kwa miaka 2 mingine bila mshahara. Ikiwa inaweza, deni lisiizuie. Ikiwa haiwezi, kukosa deni peke yake hakutaifanya shahada hiyo kuwa salama.