MZIGO WA UPANDE MMOJA

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu begani, kupitia hapa Tabora hadi Bagamoyo. Tujifunze jambo kwa mzigo wao.

Ukibeba uzito kwa mkono wa kulia, misuli ya kiuno ya kushoto hukaza ili usipinde. Ikikaza hivyo kila siku, huchoka na kuuma.

Basi, badala ya ndoo moja ya lita 20, beba mbili za lita 10, huku na huku, mfano wa mzega. Ukinyanyua vyuma, anza na mkono dhaifu. Wenye nguvu usiuzidi idadi. Mwili ni amana, tuufanyie uadilifu.

Swali: Mzigo ukiwa kushoto, misuli ipi hukaza?