Jumanne: Mkate Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:3-8. Eliya alipewa nini kabla ya Mungu kusema naye Horebu?

Nabii alikuwa amechoka hata akatamani kufa. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji. Akalala, akaguswa tena, akala. Mahubiri yalingoja.

Wapo miongoni mwetu, hata hapa Rugu, ambao kwa miaka wamejinyima ili wapungue. Leo wanaacha ndizi, kesho maharage, kesho kutwa wanakula usiku kwa siri na kujiona wakosaji. Si upungufu wa imani. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Waliwaza chakula mchana na usiku, na baadaye wengi wakala kupita kiasi. Mwili ulionyimwa hudai.

Ellen White, katika The Ministry of Healing (1905), aliwaonya pia wanaojidhoofisha kwa chakula duni kwa jina la afya. Onyo hilo hatulisomi mara nyingi kama yale ya ulafi!

Soma Wakolosai 2:20-23. Amri za kukataza kugusa na kuonja zinaweza nini, na haziwezi nini?

Anza na milo kwa saa zake: ndizi, maharage, mboga, mezani pamoja na wenzako, mpaka ushibe. Mwenye kisukari afuate ushauri wa daktari wake.

Katika chakula cha pamoja Sabato ijayo, mtaacha kusema nini juu ya mwili wa mtu aliyenenepa au kukonda?