Madini na Afya ya Utumbo wa Watoto wa Nguruwe Walioachishwa Kunyonya

Magogoni na Kariakoo si mahali pa mabanda ya nguruwe, lakini mabanda mengi ya pembezoni mwa jiji hutegemea bidhaa zinazotoka huku. Mkazi mwenye banda Pugu au Chanika hununua dagaa na mabaki ya samaki Feri, kisha hupita katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo kuchukua pumba, mashudu, chokaa na madini. Ununuzi huo ukifanywa bila kipimo, hasara huonekana katika juma la kwanza baada ya kuachisha: watoto wa uzao mmoja huharisha, hukonda na wengine hufa. Somo hili linaeleza sababu na namna ya kuizuia.

Kinachotokea tumboni

Maziwa ya mama humkinga mtoto wa nguruwe na humeng'enywa kwa urahisi. Siku anapoachishwa hupoteza kinga hiyo, na mara nyingi hula kidogo sana kwa siku moja au mbili. Vinyweleo vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula hufupika, na tindikali ya tumbo, ambayo ni mlinzi dhidi ya vijidudu, bado ni hafifu. Chakula kisichomeng'enywa hubaki utumboni, na bakteria aina ya Escherichia coli hupata nafasi ya kuzaliana na kuleta kuhara. Kadiri mtoto anavyoachishwa mapema, ndivyo hatari inavyoongezeka. Ndiyo maana mfugaji asiye na chakula maalumu hushauriwa kungoja hadi wiki ya 6 au ya 8.

Madini yanayohitaji uangalifu

Chokaa. Mifupa inayokua huhitaji kalisi, lakini chokaa nyingi hudhoofisha tindikali ya tumbo, na hivyo huwafungulia njia vijidudu. Aidha, huzuia zinki isifyonzwe. Mwaka 1955, watafiti Tucker na Salmon wa Marekani walionesha kwamba ugonjwa wa ngozi kukakamaa na kutoa magamba kwa nguruwe unatokana na upungufu wa zinki. Tatizo hilo huzidi pale chakula cha nafaka na mashudu kinapotiwa chokaa kupita kiasi, na hapo kuongeza chokaa ni kuongeza ugonjwa.

Zinki. Madini haya hujenga upya ukuta wa utumbo na kuimarisha kinga. Mtoto aliyeachishwa huhitaji takriban miligramu 100 katika kila kilo ya chakula. Barani Ulaya, kwa miaka mingi, oksidi ya zinki ilitolewa kama dawa ya kuzuia kuhara, kwa kiasi cha miligramu 2,500 kwa kilo. Matumizi hayo yalikoma katika Umoja wa Ulaya Juni 2022, kwa sababu zinki nyingi hutoka na samadi, hulundikana katika udongo, na huchangia kuenea kwa bakteria sugu kwa dawa. Mfugaji anayepeleka samadi katika bustani ya mchicha hana budi kulizingatia hilo.

Madini ya chuma. Mtoto mchanga huhitaji takriban miligramu 7 kwa siku, ilhali maziwa humpa kama 1 tu. Kwa hiyo huchomwa sindano ya miligramu 200 katika siku tatu hadi nne za mwanzo. Akishaachishwa, chakula kilichochanganywa vema humtosha. Chuma ya ziada utumboni hunufaisha bakteria wabaya.

Chumvi. Gramu 250 hadi 500 katika kilo 100 za chakula zinatosha. Dagaa na mabaki ya hotelini huwa tayari na chumvi, nayo ihesabiwe. Chumvi nyingi pamoja na uhaba wa maji huweza kuua.

Kupima na kuchanganya

Miligramu 100 za zinki kwa kilo ni sawa na gramu 10 katika gunia la kilo 100. Kiasi hicho hakipimwi kwa kiganja, wala hakisambai kikimwagwa juu ya gunia zima. Ni heri kununua mchanganyiko wa madini na vitamini uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wa nguruwe, wenye lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kufuata kipimo chake kwa mizani. Mchanganyiko huo huchanganywa kwanza na kilo moja ya pumba, kisha na kilo 10, ndipo na chakula chote. Ule wa kuku usitumike badala yake. Dagaa nao wajaribiwe: konzi moja ikitiwa katika glasi ya maji na kukorogwa, mchanga hutuama chini.

Siku za kuachisha

Mama ndiye aondolewe; watoto wabaki katika banda walilolizoea, likiwa kavu na lenye joto. Chakula kile kile walichoanza kuonjeshwa wakinyonya kiendelee, kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, na maji safi yasikosekane. Anayeharisha atengwe na apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari. Viuavijasumu visitolewe kwa kubahatisha.

Iwapo nguruwe wakubwa kwa wadogo wanapata homa kali, masikio yanakuwa mekundu na vifo vinafuatana, hilo si suala la madini. Huenda ni Homa ya Nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba. Nguruwe wasihamishwe, wasiuzwe wala wasichinjwe, na taarifa itolewe mara moja kwa afisa mifugo wa kata lilipo banda. Afisa huyo ndiye pia wa kuulizwa kabla ya kununua madini, na ndiye awezaye kumwelekeza mfugaji namna ya kupeleka sampuli ya chakula kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke.