SOMO LA UALIMU: KISHIKWAMBI KIMOJA, WATOTO SITINI

Kila mwaka baadhi ya vijana wanaohitimu shule za sekondari huingia vyuo vya ualimu, na kabla ya muda mrefu kupita hujikuta wamesimama mbele ya watoto wa shule ya msingi katika mafunzo kwa vitendo. Zamani mkufunzi aliyekuja kuwatazama aliangalia andalio la somo, ubao na zana. Siku hizi huangalia jambo moja zaidi, nalo ni matumizi ya TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Nchi yetu ilitoa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007, na baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Basi katika shule nyingi chombo kimekwisha kufika. Swali ni hili: mwalimu mwanagenzi akitumieje ili watoto wajifunze?

Yafaa kwanza tutazame mifano miwili. Nchi ya Peru iliwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo kwa wingi sana. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za mashambani. Walikuta kwamba kompyuta zimeongezeka, lakini hawakuona dalili kwamba watoto waliozipata wamewapita wenzao katika hesabu na lugha.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo kilikuwa redio tu. Lakini kila kikundi cha wasikilizaji kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kabla, na kulikuwa na vitabu vya kusoma. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Chombo kilikuwa duni, ila kilikuwa na mtu wa kukiongoza.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Darasani usukani ni mwalimu.

Sasa tuchukue somo lenyewe. Tuseme mwanagenzi anafundisha kuota kwa mbegu. Darasa lina watoto 60, kipindi ni cha dakika 40, na kishikwambi ni kimoja. Akikiinua juu mbele ya darasa, watoto wa mstari wa kwanza wataona picha, na wa nyuma wataona mgongo wa wenzao. Baada ya dakika mbili hao wa nyuma wataanza kuzungumza, naye atawakemea bila haki.

Afanye hivi. Siku tisa kabla ya somo aweke mbegu za maharage katika pamba yenye maji, na baada ya siku tatu aweke nyingine, na vivyo hivyo, ili siku ya somo awe na mimea ya umri mbalimbali. Darasa aligawe makundi 6 ya watoto 10. Dakika 5 za mwanzo ni za utangulizi, na 5 za mwisho ni za kufunga somo. Zinabaki 30, yaani dakika 5 kwa kila kundi mbele ya kishikwambi. Watano wakae, watano wasimame nyuma yao. Waione mara mbili filamu ya dakika moja inayoonyesha mzizi ukitoka kwanza, kisha shina likijikunja na kuinuka. Wakati huohuo makundi mengine matano yawe mezani: moja lipasue mbegu iliyolowekwa, la pili lipime mizizi kwa rula, la tatu lilinganishe mimea ya siku tatu na ya siku tisa, la nne lichore, la tano liandike sentensi. Kila dakika 5 wabadilishane.

Angalia vizuri kazi imegawanywa vipi. Filamu inafupisha siku tisa kuwa dakika moja, jambo ambalo mkebe wenye pamba hauwezi. Mkebe nao unampa mtoto kitu cha kushika na kunusa, jambo ambalo filamu haiwezi. Mwalimu anayejua tofauti hiyo hatatumia kishikwambi kuonyesha picha ya jani, hali majani yamejaa nje ya dirisha.

Yako mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, filamu iwe imehifadhiwa katika chombo, na betri ijazwe usiku uliotangulia. Intaneti na umeme havingoji kengele. Pili, chati ya hatua zilezile iwe tayari ukutani. Chombo kikizimika, somo liendelee. Tatu, swali la kwanza wakati wa kufunga somo aulizwe mtoto aliye kimya kuliko wote, si yule aliyeshika kishikwambi. Jibu lake ndilo litakalomwonyesha mwalimu kama amefundisha au ameonyesha picha tu.

Wazazi nao wasidhani kwamba shule isiyo na vyombo vingi haina elimu ya kisasa. Waulize watoto wao jioni: leo mmejifunza nini? Mtoto akieleza jinsi mzizi unavyotangulia shina, jueni kwamba mwalimu wake anaijua kazi yake.

MASWALI

1. Darasa lina watoto 72, kipindi ni cha dakika 40, na kundi lisizidi watoto 9. Kila kundi litapata dakika ngapi mbele ya kishikwambi, ikiwa dakika 8 ni za utangulizi na kufunga somo?

2. Taja jambo moja katika somo la Jiografia ambalo kishikwambi kitalionyesha vizuri kuliko ubao, na moja ambalo ni afadhali kutoka nje kulitazama.

3. Kwa nini redio ya mwaka 1973 ilifaulu kuwafunza watu? Jibu kwa sentensi tatu.