Pua ya Pinocchio

Twaulizwa mara nyingi: Je, yafaa watoto watazame katuni za watundu wasemao uwongo? Twaona yafaa, ikiwa mtu mzima huketi pamoja nao.

Tutwae mfano wa Pinocchio, kijana wa mti. Carlo Collodi wa Italia alitoa kitabu cha habari zake mwaka 1883. Na mwaka 1940 Walt Disney wa Marekani alizifanya filamu ya katuni. Kitabuni Pinocchio aulizwa ziko wapi sarafu zake nne za dhahabu. Asema zimepotea, kumbe zimo mfukoni! Pua yake yarefuka. Aongeza uwongo tena, nayo yazidi, hata hawezi kugeuka chumbani.

Watoto hucheka. Msiwakataze, bali waulizeni: “Mbona hakukoma kwa uwongo wa kwanza?” Ndipo watakapoona wenyewe ya kuwa uwongo huita mwenziwe. Tena waulizeni wao huogopa nini wapaswapo kusema kweli. Maana wengi huuficha ukweli kwa kuogopa fimbo.

Siku moja, baada ya maneno haya, mtoto wetu alituuliza: “Baba, jana uliponituma nimwambie mgeni kwamba hupo, mbona pua yako haikurefuka?” Tuliona haya sana. Tukaondoka, tukamwendea yule mgeni kuungama, mtoto akifuatana nasi.

Basi, tuwafundishapo watoto Amri ya Nane, tuishike kwanza nyumbani. Pua zetu hazirefuki, lakini macho ya mtoto yatuona.