PIPA HALIKUJAA, LAKINI HALIKUISHA



Je, umewahi kuamka asubuhi, ukafunua chombo cha unga, ukakuta kimebaki kibaba kimoja tu? Watoto wanakutazama. Mwenye nyumba anadai kodi yake. Na Jumapili uliitika "Amina!" kwa nguvu mhubiri aliposema Mungu hawaachi watu wake. Leo moyo unakuuliza: sasa hiyo ahadi iko wapi? Fungua Biblia yako, 1 Wafalme 17.

Siku za mfalme Ahabu mvua ilikatika. Yesu mwenyewe, katika Luka 4:25, anasema ilikuwa miaka 3 na miezi 6. Mungu akamtuma Eliya Sarepta, mji wa Sidoni. Angalia sana hapo! Sidoni ndiko alikotoka Jezebeli, mke wa Ahabu. Huko watu walimwabudu Baali wakidhani ndiye anayeleta mvua. Tena Eliya hakutumwa kwa tajiri. Alitumwa kwa mama mjane aliyekuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa. Alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Eliya akampa ahadi ya Bwana kwamba chakula chake kitadumu mpaka mvua irudi. Mama akaamini, akapika, na ikawa hivyo. Haleluya!

Tujifunze mambo manne.

1. AHADI INA MWENYEWE. Neno lile halikuwa la Eliya, lilikuwa la Bwana. Wengi wanaumia kwa sababu wameshika neno ambalo Mungu hakulisema. Mtu kaota, mtu katabiri, mwingine kasema lete pesa upokee gari. Usidanganyike! Mungu hauzi ahadi zake. Wafilipi 4:19 inasema juu ya mahitaji yetu, haisemi juu ya kila tamaa yetu.

2. AHADI INATEMBEWA. Mama yule asingepika asingeona kitu. Imani ina miguu. Una jembe? Lima. Una genge la nyanya? Fungua mapema. Lakini Mathayo 6:33 inatuagiza kutafuta kwanza ufalme wa Mungu na haki yake. Haki, umesikia? Usipunje mizani, usitoe rushwa, usiibe cha tajiri wako, halafu ukashuhudia kanisani kuwa Bwana amekubariki. Wala usiende kwa mganga usiku na mchana ukaja kuombewa.

3. AHADI NI YA KILA SIKU. Biblia haisemi pipa lilijaa mpaka juu. Inasema unga haukupunguka. Kila asubuhi mama aliinama, akachota, akaamini tena. Hata mana jangwani ilikuwa hivyo. Kutoka 16 inaonyesha kwamba waliojiwekea akiba kinyume cha agizo walikuta imeoza na kuingia mabuu. Na Yesu alitufundisha kuomba riziki ya leo. Wewe unataka uone kwanza magunia kumi ndipo uamini. Mungu anakupa ya leo ili kesho umrudie. Usidharau kibaba chako!

4. AHADI HAIZUII MAJARIBU. Soma kuanzia mstari wa 17. Mtoto wa mama huyu aliugua akafa, na unga bado upo kwenye pipa! Mama akamlaumu hata mtumishi wa Mungu. Je, Mungu alimfukuza? Hapana. Eliya akajinyosha juu ya mtoto mara 3, akamlilia Bwana, na mtoto akawa hai. Basi ukiwa na mgonjwa nyumbani, mpeleke hospitali, na uombe. Usiseme Mungu amekuacha. Lia, lakini lia mbele zake. Na wewe uliyeomba na bado mpendwa wako akalala katika Bwana, ahadi ya Yohana 11:25 haijafa. Tutaonana nao!

FANYA HIVI WIKI HII. Andika Waebrania 13:5 kwenye karatasi, uiweke pale unapoweka unga. Kila asubuhi kabla ya kuchota, isome kwa sauti, shukuru kwa kilichopo, kisha nenda kazini. Jioni waulize watoto, "Leo tumekula?" Wakisema ndiyo, mshukuruni Bwana pamoja.

Sasa nakuuliza wewe: umeokoka? 2 Wakorintho 1:20 inafundisha kwamba ahadi zote za Mungu zinathibitika ndani ya Yesu. Usizishike ahadi ukamwacha mwenye ahadi. Kama uko tayari, sema maneno haya kwa moyo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Kuanzia leo wewe ni Bwana wangu. Nifundishe kukutegemea siku kwa siku. Amina."

Kama umeomba hivyo, tafuta kanisa linalohubiri wokovu, mwone mchungaji, na uanze kusoma Biblia. Ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe, mpe jirani.

Mungu akubariki sana.