Somo la Huduma: Kuchagua Mashine ya Presha ya Kuoshea Boti

Kata ya Kalangalala haina ufuko. Iko katikati ya mji wa Geita, na anayetaka kugusa maji ya Ziwa Victoria hana budi kusafiri hadi upande wa Nungwe au Nkome. Hata hivyo, wapo wakazi wa kata hii wenye mitumbwi na boti katika mialo ya huko, na wapo vijana wengi zaidi wanaojipatia riziki kwa kuosha pikipiki, bajaji na malori yanayorudi mjini na tope la machimboni. Makundi haya mawili hukutana dukani mbele ya mashine ileile, ile inayosukuma maji kwa presha, na mara nyingi huuliza swali lilelile: ipi ina nguvu zaidi?

Swali hilo ndilo linalowapotosha wanunuzi. Mashine yenye nguvu kupita kiasi huharibu boti, na mashine dhaifu inayofanyishwa kazi ya kutwa huungua. Kwa kikundi kilichonunua kwa mkopo, hasara huwa mara mbili. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haina riba, lakini ni deni, na tarehe ya marejesho haisubiri mashine itoke kwa fundi.

Kabla ya kuzungumzia mashine, ni vema kueleza kwa nini tumbo la boti huoshwa. Chombo kinachokaa majini muda mrefu huota ukoga wa kijani, hushika matope na mizizi ya magugu maji, na ndani yake hugandamana magamba na mafuta ya samaki. Ukoga huongeza uzito wa mwendo, na injini hunywa petroli zaidi kwa safari ileile. Jambo la pili ni zito zaidi: uchafu huficha ubao uliooza na kalafati iliyolegea. Nahodha hugundua ubovu huo akiwa mbali na nchi kavu.

Desturi ya mialoni ni kusugua kwa brashi na mchanga huku msuguaji amesimama ndani ya maji yafikayo magotini. Hapo ndipo kichocho kinapompata. Konokono wa maji ya kingoni hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi. Kuivuta boti nchi kavu na kuiosha kwa mashine humtoa mtu majini, lakini hakumalizi hatari, kwa kuwa maji yakivutwa moja kwa moja kutoka ziwani yatamrukia msafishaji yakiwa na vijidudu vilevile. Dawa yake ni rahisi. Maji yachujwe ili konokono wasiingie, kisha yakae katika tangi siku mbili kamili kabla ya kutumika. Vijidudu hivyo hufa vikikosa mwili wa kuingia. Mwenye maji ya bomba hana haja ya kusubiri.

Sasa mashine yenyewe. Kwenye kasha huandikwa presha kwa kipimo cha bar au psi. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, hivyo bar 100 ni takriban psi 1,450. Mnunuzi aangalie vizuri, kwa sababu tarakimu kubwa inayong'aa mbele ya kasha aghalabu ni kiwango cha juu kabisa ambacho pampu hufikia kwa kitambo, si presha ya kufanyia kazi. Presha ya kazi huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati cha mashine, na ndiyo ya kulinganishia bei za maduka.

Kipimo cha pili, ambacho wengi hukiruka, ni kiasi cha maji kwa dakika. Presha hubandua uchafu, wingi wa maji huuondoa. Kwa tope zito la lori au boti kubwa, mashine ya presha ya wastani yenye maji mengi humaliza kazi mapema kuliko ile yenye presha kali na maji kidogo. Lakini maji hayo lazima yapatikane. Mashine ya lita 8 kwa dakika humaliza tangi la lita 1,000 kwa saa mbili na dakika chache. Ya lita 15 hulimaliza kwa saa moja na dakika kama saba. Kikundi kinachonunua maji kwa ndoo kipige hesabu hii kwanza, halafu ndipo kitazame bei ya mashine.

Je, presha kiasi gani yafaa kwa boti? Ushauri mwingi ulioandikwa juu ya jambo hili unahusu vyombo vya baharini, ambako viumbe wenye magamba magumu kama mawe hung'ang'ania mkuku na kuhitaji nguvu kubwa. Ziwa Victoria ni la maji baridi na halina viumbe hao. Ukoga na tope la ziwani hutoka kwa nguvu ndogo zaidi, hasa chombo kikioshwa mara tu kinapotolewa majini, kabla ukoga haujakauka. Kwa boti ya mbao, isizidi bar 100, na aanzie chini ya hapo. Maji makali huinua nyuzi za mbao, huchimba mifereji midogo inayoalika uozo, na hung'oa pamba ya kalafati katikati ya mbao. Mtu anaweza kuiosha boti asubuhi ikapendeza, na jioni ikaanza kuvuja. Boti ya faiba, mfano wa zile ambazo serikali ilianza kuwakopesha wavuvi Mwanza mwezi Januari 2024, huvumilia zaidi, hata kufikia bar 150, isipokuwa pale ambapo ganda lake la juu limepasuka. Maji yakiingia katika ufa huo huendelea kulibandua.

Nozeli ina uzito sawa na mashine. Kwa kawaida hutofautishwa kwa rangi: nyekundu hutoa mchirizi mmoja mwembamba, njano hutawanya kwa nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu haina kazi kwenye boti wala kwenye gari, na ingekuwa heri ibaki dukani. Mbao zioshwe kwa nyeupe, kutoka umbali wa sentimita 30 au zaidi, kwa kufuata urefu wa ubao na kamwe si kwa kuelekeza maji kwenye maungio.

Umeme au petroli? Kwa anayefanya kazi mahali pamoja mjini, umeme ni nafuu na hauna kelele nyingi. Mashine ya kilowati 2 hutumia uniti 2 kwa saa. Itumie waya mnene na mfupi, maana waya mwembamba mrefu hupunguza umeme njiani na kuunguza mota, na iunganishwe kupitia swichi inayokata umeme unapovuja. Mashine ndogo nyepesi za nyumbani, ambazo mota yake hutumia kaboni, hazikuundwa kuosha magari kutwa nzima. Kwa biashara, afadhali mota nzito isiyo na kaboni na pampu yenye kichwa cha shaba. Ni ghali, na hapa hakuna njia ya mkato. Mwaloni, kusiko na umeme wa karibu, injini ya petroli ndiyo yenye kufaa, na ni lazima iwe na uwezo wa kushushwa presha.

Pampu nyingi huuawa na mambo mawili: kuzungushwa bila maji, na mchanga. Chujio la mdomo wa kuingizia maji likaguliwe kila siku, na tangi liwekwe juu ya jukwaa ili maji yashuke yenyewe, kwa kuwa mashine nyingi ndogo hazina uwezo wa kuvuta maji kutoka chini. Bunduki ya maji ikifungwa zaidi ya dakika mbili au tatu, mashine izimwe; maji yanayozunguka ndani ya pampu hupata moto na kuharibu mipira yake.

Usalama wa mtu hauhitaji maneno mengi: buti, glavu, miwani, watoto mbali. Lipo jambo moja lisilojulikana sana. Mchirizi wa presha unaweza kupenya ngozi na kuacha tundu dogo lisilotoa damu nyingi, ilhali ndani nyama imechanika na uchafu umeingia. Jeraha la namna hiyo si la kufungwa kitambaa. Aliyeumia apelekwe hospitali saa ileile.

Kuhusu mahali pa kuoshea, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kituo cha kuoshea, kwa hiyo, hakijengwi ufukoni. Boti ivutwe hadi penye nyasi, na magamba ya rangi ya zamani yakusanywe badala ya kusombwa na maji hadi ziwani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe mashine iwashwe dukani kwa maji, iachwe ifanye kazi dakika 10, kisha ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa huku akitazama kama pampu inavuja. Aulize vipuri vinapatikana Geita au Mwanza, achukue risiti ya EFD na hati ya dhamana. Vikundi vinavyoandaa maombi ya mkopo vipeleke profoma za maduka zaidi ya moja kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, zikionyesha presha ya kazi, lita kwa dakika na aina ya mota.